Nyumba ya Mtu Mmoja

Mpwa wangu anajenga hapa Yanonge. Alianza na magunia ya makaa na mihogo aliyokuwa akipeleka Kisangani kwa mtumbwi wa watu, akasogea hadi kwenye mawese, na leo ana fungu lake katika mashua ya balenieri yenye injini. Faida ya miaka sita ameigeuza tofali za kuchoma. Juma lililopita aliniita nikaione kazi. Tulisimama ndani ya chumba kisicho na paa, mto ukionekana kupitia pengo la dirisha, akanyosha kidole juu ya mlango.

"Noko," akasema, yaani mjomba, "hapa nataka jina langu liandikwe kwa saruji. Kila anayepita mtoni alisome. Hata nikifa, nyumba iseme ni ya nani."

Sikumjibu pale pale. Mtu akiwa amesimama juu ya msingi wake hasikii vizuri. Nilimwambia aje kwangu jioni tukae. Alikuja, na niliyomwambia nayaandika hapa pamoja na yale niliyoyasahau usiku ule, kwa sababu vijana wanaojenga kando ya mto huu ni wengi, na nimeona nyumba nyingi zikifa.

Nilianza na nyumba ya baba yetu, yaani babu yake yeye. Anaijua kama rundo la tofali lenye nyasi; mimi nililala ndani yake. Ilikuwa na vyumba vitano na baraza iliyotazama maji, na mabati yaliyoletwa kwa meli. Baba alikuwa na ngazi ndefu ya mti mgumu, na kila kiangazi alipanda mwenyewe akikagua misumari ya bati mmoja mmoja. Alipofariki, jirani mmoja aliiazima ile ngazi siku ya matanga ili wafunge turubai. Haikurudi. Hakuna aliyeiulizia, maana hakuna aliyejua kama sasa ni ya nani: ya mama, ya kaka mkubwa, au ya wajomba waliokuwa wameketi barazani wakigawana mashati ya marehemu. Mwaka uliofuata msumari mmoja ulilegea. Maji yakaanza kudondoka kwenye kona ya chumba cha kati. Kila mmoja wetu aliweka sufuria chini ya tone, akasema mwenye nyumba atatengeneza. Boriti ikaoza. Kisha tukaanza kugombana juu ya nani aliyeiacha ioze, na ugomvi ulipokolea kaka mmoja akaja na vijana wake akang'oa mabati ya upande wake, akidai ni urithi wake. Mama akahamia jikoni. Alifia jikoni, mita kumi kutoka nyumba ya mume wake. Hilo sitalisahau, na sehemu yangu ya hatia naikubali: mimi nami niliweka sufuria.

Baba alikuwa ameandika jina lake juu ya mlango.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ni shida ya watu maskini. Mwenye mali nyingi nyumba yake husimama. Hapo ndipo nilipomtoa Yanonge nikampeleka Uingereza. Kwa wazee wa mto huu Uingereza si mbali sana. Wabatisti Waingereza waliishi Yakusu, upande wa Kisangani, tangu miaka ya 1890, na wengi wa babu zetu walijifunza kusoma kwao na kutibiwa ugonjwa wa malale katika hospitali yao. Lakini mtu wa huko niliyetaka kumsimulia kwanza si wa misheni. Ni Stanley, msafiri mpelelezi.

Huyu alipita mbele ya vijiji vyetu mwanzoni mwa 1877, akitoka kwenye maporomoko ya Wagenia, akipigana na watu wa mto hadi mdomo wa Aruwimi, ambako tarehe 1 Februari mitumbwi ya vita ilimtokea. Alirudi mwaka 1883 kuacha kituo kwenye maporomoko, kwa kazi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Jina alilopewa kule Kongo ya chini, Bula Matari, mvunja mawe, liligeuka kuwa jina la serikali yenyewe ya kikoloni. Bibi zetu walilitamka wakikimbilia msituni. Alipozeeka, mwaka 1898, alinunua nyumba ya shambani kusini mwa Uingereza, kijiji cha Pirbright, iliyoitwa Furze Hill. Bwawa lake likaitwa Stanley Pool. Kijito kikaitwa Kongo. Msitu wake mdogo wa misonobari ukaitwa Aruwimi, na shamba moja likapewa jina la Unyamwezi. Mto wa watu wa Basoko ukawa miti michache nyuma ya nyumba ya mtu mmoja.

Alikaa humo miaka michache tu. Aprili 1903 alipooza upande mmoja wa mwili, na tarehe 10 Mei 1904 akafariki London. Alitamani kuzikwa katika kanisa kuu la Westminster pamoja na mashujaa wa taifa lake, akakataliwa. Alizikwa Pirbright, chini ya jiwe kubwa lililochongwa jina lake, na Bula Matari, na neno moja: Afrika. Mwenye jina alilipata jina lake juu ya jiwe. Nilimwuliza mpwa wangu: umewahi kusikia kwamba kuna mtu wa Yanonge, Isangi au Basoko anayelala usingizi mzuri kwa sababu ya bwawa lile? Nyumba iliyotengenezwa kumkumbusha mtu mmoja ukubwa wake haina kazi nyingine ya kufanya siku mtu huyo akiondoka.

Sasa nyumba ya pili. Hii ndiyo niliyotaka aibebe moyoni.

Katika jimbo la Sussex, kusini mwa London, kuna jumba la mawe liitwalo Paddockhurst. Lilianza kujengwa mwaka 1869, na mchora ramani wake alikuwa Anthony Salvin, fundi aliyezoea kujenga na kukarabati ngome za mabwana. Miaka ya 1880 lilinunuliwa na Robert Whitehead, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Fiume, mji ambao leo ni Rijeka nchini Kroatia. Mwaka 1866 Whitehead alitengeneza huko topedo inayojiendesha chini ya maji, silaha ya kuzamisha meli. Mataifa makubwa yaliinunua, na akatajirika. Fedha za jumba lile, basi, zilitoka kwenye chombo cha kuwapeleka mabaharia chini ya bahari.

Mwaka 1894 akamwuzia Weetman Pearson. Huyu alikuwa mkandarasi, na kazi zake ukizihesabu unachoka. Alichimba njia ya Blackwall chini ya mto Thames, ikafunguliwa 1897. Alichimba njia za reli chini ya mto East River wa New York. Alikausha maji ya jiji la Mexico kwa mfereji mkubwa, akajenga reli ya kuunganisha bahari mbili za nchi hiyo, kisha akatafuta mafuta huko huko. Mwaka 1908 kisima chake cha Dos Bocas kilishika moto kikaungua karibu miezi miwili. Kampuni yake ndiyo iliyomaliza bwawa la Sennar kwenye Nile ya Bluu, Sudani, mwaka 1925. Serikali ilimpa cheo cha ubwana, akaitwa Lord Cowdray. Katika chumba cha kulia cha Paddockhurst alimwita msanii maarufu Walter Crane amchongee ukutani, kuzunguka chumba chote, historia ya usafiri wa binadamu, kutoka zama za kale hadi vyombo vya wakati wake. Ukila chakula kwa Pearson ulikula ukizungukwa na safari ya dunia nzima, na wewe mgeni ulielewa safari hiyo imeishia kwa nani.

Na bado hakutosheka na nyumba moja. Alinunua Cowdray, akawa na Dunecht kule Uskoti. Nyumba tatu kubwa, mwili mmoja. Mwanawe mmoja aliuawa Ufaransa Septemba 1914, vita vikiwa havijamaliza hata miezi miwili. Pearson mwenyewe alifariki 1927, mjane wake 1932. Mwaka uliofuata Paddockhurst iliuzwa.

Angalia aliyeinunua. Siyo tajiri wa tatu. Ni wamonaki Wabenediktini wa Downside, watu walioahidi kutokuwa na mali hata ya kalamu. Waliingia 1933 katika jumba la mtengeneza topedo na mchimba mafuta, wakaweka altare, wakafungua shule, wakaanza kuimba zaburi mara kadhaa kwa siku. Mwaka 1957 nyumba ilijitegemea, na 1965 ikawa abasia kamili. Wakajenga kanisa kubwa lililochorwa na Francis Pollen. Mwaka 2005 televisheni ya BBC iliwaonyesha wanaume watano wa kawaida waliopokelewa humo siku 40 ili waonje maisha ya kimonaki. Na jina? Watu hawasemi twende kwa Whitehead, wala twende kwa Pearson. Wanasema Worth, jina la parokia ya mahali hapo, jina lililokuwepo kabla ya matajiri wote wawili. Jina la huyu aliyechongesha safari ya dunia ukutani silo jina la nyumba ile.

"Kwa hiyo, Noko, unataka niwape mapadri nyumba yangu?" Mpwa wangu aliuliza bila mzaha, aliogopa kweli.

Nikamwambia hapana. Nataka ujue wale watu walikuwa na nini ambacho Pearson hakuwa nacho. Fedha hawakumzidi. Ufundi hawakumzidi. Walikuwa na kitabu kidogo kilichoandikwa Italia karibu miaka 1,500 iliyopita, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na watu wengi wa nje wakisikia jina hilo hudhani kimejaa sala tu. Sala zimo. Lakini zimo pia sura ambazo mama mwenye nyumba yeyote wa Yanonge angezielewa bila kufasiriwa.

Sura ya 31 inazungumzia mtunza ghala. Inamtaka avitazame vyombo vyote vya nyumba, jembe na ndoo, kwa heshima ile ile ya vyombo vitakatifu vya altare. Sura ya 32 inataka mkubwa wa nyumba awe na orodha ya zana zote, ajue alichomkabidhi kila mtu na alichorudishiwa. Sura ya 35 inawahusu wanaopika kwa zamu ya juma: anayemaliza zamu anafua vitambaa, anarudisha vyombo vikiwa safi na vizima kwa mtunza ghala, naye anamkabidhi anayeingia, ili kila upande ujue kilichotoka na kilichorudi. Sura ya 3 inasema kukiwa na jambo zito, mkubwa awaite wote, hata aliye mdogo kabisa, kwani mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Na sura ya 58 inamtaka anayeingia aahidi, kwa maandishi, kwamba atakaa. Hatahama akichoka, wala akigombana na mwenzake.

Niliposoma sura ya 32 kwa mara ya kwanza, miaka mingi baada ya mama kufa, niliweka kitabu chini nikatoka nje. Niliiona ngazi ya baba. Laiti mtu mmoja tu angekuwa na karatasi iliyosema: ngazi moja, mti mgumu, iko kwa fulani. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulilitamka neno hilo tangu utoto, lakini tulidhani linahusu duka. Kumbe linahusu paa.

Mpwa wangu ni mfanyabiashara, hakubali neno kabla hajaligeuza. Akaniambia: "Lakini Noko, kuandika mali ni kumwonyesha mwizi mlango." Alikuwa na haki, na ninamsifu kwa hilo. Nchi hiyo hiyo ya Uingereza inatoa ushahidi upande wake. Mwaka 1535 Mfalme Henry VIII alituma watu waandike mapato ya kila kanisa na kila monasteri. Orodha ilikuwa nzuri, kamili. Kati ya 1536 na 1540 aliitumia kuzifunga monasteri zote, karibu 800, akachukua ardhi, risasi za mapaa zikayeyushwa, na majengo mengi wakapewa au wakauziwa mabwana wa serikali yake, ambao waliyageuza kuwa majumba yao ya shambani. Kwa hiyo kabla ya jumba la tajiri kuwa monasteri, Uingereza ilishaona monasteri zikiwa majumba ya matajiri. Gurudumu lile limezunguka pande zote mbili.

Tofauti ni mkono unaoshika daftari. Orodha ya Henry iliandikwa na watu ambao hawangelala ndani ya nyumba hizo. Orodha ya Benedikto inashikwa na yule ambaye mvua ikivuja itamlowesha yeye. Andika, mwanangu, lakini nakala zikae kwa mke wako, kwa mtoto wako mkubwa, na kwa yule mdogo anayependa kusoma. Mwizi anakuwa hodari pale daftari linapokuwa moja, kwa mtu mmoja, kama jina moja juu ya mlango.

Wala sitaki mtu adhani kuta za monasteri zina dawa. Kwetu hapa Kongo tunajua zaidi. Mokoto, katika Masisi, Watrapisti kutoka Scourmont ya Ubelgiji walianzisha monasteri mwaka 1954. Mei 1996 Watutsi waliokimbilia humo kujificha walivamiwa, na mamia wakauawa katika nyumba ya sala. Wamonaki wakatawanyika. Siandiki juu ya siku ile kwa wepesi, na hakuna kanuni ya vyombo inayoweza kumzuia mwenye panga. Lakini ndugu waliobaki hawakuacha kuwa jumuiya. Walikusanyika tena, na baadaye maisha ya monasteri yakarudi Mokoto. Huko Kenya, Watrapisti kutoka Tilburg ya Uholanzi walikuwa wamefungua nyumba mwaka 1956 Lumbwa, yaani Kipkelion, katika nchi iliyokuwa ya mashamba ya walowezi. Ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 ziliwafikia. Watu waliofukuzwa makwao wakajaa katika uwanja wao. Mwaka huo huo wamonaki walihamia Masaka, Uganda, na kuendelea kule na jina lile lile la nyumba yao, Mama Yetu wa Victoria. Majengo yalibaki Kenya. Nyumba ilivuka mpaka kwa miguu ya watu. Ndugu zangu na mimi tulifanya kinyume: tulibaki wote hapa Yanonge, na nyumba ikaondoka.

Usiku ulikuwa umekwenda. Nilimwomba anipe nafasi ya nyumba moja zaidi, ambayo sisi sote tunaijua kwa macho, kwani balenieri yake hupita mbele yake kila inaposhuka.

Yangambi. Mwaka 1933, mwaka ule ule wamonaki walipoinunua Paddockhurst, Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo, INEAC, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu cha utafiti. Ukishuka mto unayaona majengo juu ya kilima upande wa kulia: ofisi, maabara, nyumba za wazungu zenye baraza pana zilizotazama maji, zilizojengwa kana kwamba wenyewe wangeishi milele. Ndani ya maabara zile Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 jinsi unene wa ganda la mbegu ya mchikichi unavyorithiwa. Kwa elimu hiyo dunia nzima ikajua namna ya kuzalisha michikichi ya tenera, yenye nyama nyingi na ganda jembamba. Mafuta ya Malaysia na Indonesia yamesimama juu ya ugunduzi huo wa kilima chetu. Baada ya uhuru taasisi ikawa INERA. Fedha zikapungua, vita vikaja, na nyumba nyingi zikafanya kama nyumba ya baba: bati likalegea, boriti ikaoza, kila mmoja akisubiri mwenye nyumba.

Lakini kuna jengo moja ambalo halikufuata njia hiyo: hifadhi ya mimea mikavu, yenye sampuli karibu 150,000, kila jani limebandikwa kwenye karatasi, limeandikwa jina, mahali na tarehe. Wafanyakazi walioachwa nayo waliendelea kuitunza katika miaka ambayo mishahara haikuonekana. Leo watafiti kutoka mbali wanakuja kuisoma, na msituni umesimama mnara wa kupima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka kwenye miti, unaoitwa CongoFlux. Walikuja kwa sababu kulikuwa na kitu kilichobaki cha kuja kukiona. Nilimwambia mpwa wangu azipime nyumba mbili za kilima kile kimoja: moja ilikuwa na mwenyewe mkubwa na baraza nzuri, nyingine ilikuwa na orodha na watu waliokubali kukaa nayo. Mvua iliyozinyeshea ni moja.

Akauliza afanye nini kesho asubuhi. Hilo ndilo swali nililolingoja tangu jioni.

Kwanza kiwanja. Nchini mwetu, tangu sheria ya 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Wewe unashika haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili. Karatasi ya mkono iliyotiwa sahihi na mzee wa mtaa na mashahidi wawili itakusaidia kugombana, haitakusaidia kushinda. Kifuatilie cheti ukiwa hai, fedha ya tofali elfu moja uiweke huko.

Pili mke wako. Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kuishi na kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe, na inaweka watoto mbele katika urithi, kwa robo tatu ya mali. Wajomba na baba wadogo wanaokuja na magunia siku ya matanga hawakutumwa na sheria yoyote. Mimi ni noko wako, nakwambia kwa kinywa changu: siku ukifa, mimi sina shati langu humo. Mke wako alijue hilo leo, asikie kutoka kwako na kutoka kwangu, watoto wakiwa wameketi.

Tatu kazi ya nyumba. Chumba kimoja kipe shughuli isiyo yako peke yako. Watoto wa jirani wasomee humo usiku, kwa taa yako ya sola. Au akina mama wa kikundi cha akiba wakutane barazani kila Jumapili. Nyumba inayotumiwa na wengi ina macho mengi ya kuona msumari uliolegea. Ukimya wa nyumba ya baba ulianza siku wageni walipoacha kuja.

Na nne ni daftari. Liwe gumu, la kurasa nyingi. Ukurasa wa kwanza vitu, wa pili nani anavyo, wa tatu nani atapanda juu ya paa kiangazi hiki na nani kiangazi kijacho. Mkiwa na mkutano, mdogo aseme kwanza.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza juu ya lile jina, kama ni dhambi kuliandika. Nikamwambia si dhambi. Baba yangu alikuwa mtu mwema, na jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa herufi zilizonyooka. Nililisoma kila siku nikitoka shuleni. Lilikuwa bado linasomeka siku tuliyombeba mama kutoka jikoni.

Siku ya tatu alinitumia mtoto wake wa pili, msichana wa miaka kumi na mmoja, na daftari jipya mkononi. Alitaka nimwambie ngazi huandikwa kwenye ukurasa gani. Nikamwonyesha, akaandika mwenyewe: ngazi moja, ya mti, mpya, iko nyumbani.

Nawe unayesoma, kama mama yako bado anaishi katika nyumba ambayo baba yako aliijenga, nenda kwake Jumamosi hii ukiwa na kalamu. Kaa naye barazani, mwulize kila kitu kilichomo kiko kwa nani. Kisha nyanyua macho utazame bati.